Njaa na Jamaa Zake

Katika Mbumbuni, upande wa mashariki wa vilima vya Mbooni, mtoto atokaye shuleni alasiri hupanda njia ya miguu kati ya matuta ya mashamba, huweka vitabu vyake chini, na kabla hajawaamkia watu sawasawa husema kuwa ana njaa. Akisema kwa Kikamba, neno lake ni nzaa. Neno hilo ni ndugu wa damu wa njaa ya Kiswahili, wa enjala ya Waganda na wa indlala ya Wazulu. Limetembea na Wabantu kila walikohamia, kama kwamba lilikuwa mzigo usioweza kutuliwa njiani. Mama husikia, hucheka, humwonyesha mtoto chungu cha muthokoi, na mambo yakaisha.

Lakini katika ua huo huo huenda ameketi bibi yake mtoto. Bibi naye aweza kusimulia habari za zamani, jinsi watu walivyohama, jinsi ng'ombe walivyokufa, na jinsi jamaa fulani walivyokwenda wasirudi tena. Katika masimulizi hayo hatumii neno nzaa. Husema yũa. Mtoto wa Mbumbuni hahitaji mwalimu wa kumfundisha tofauti. Hawezi kurudi shuleni alasiri akasema ana yũa. Watu wangedhani amepatwa na homa ya kichwa. Nzaa ni ya tumbo la mtu mmoja, na dawa yake ni sahani moja. Yũa ni ya nchi, na sahani moja haiwezi kuiondoa.

Nimeyachagua maneno haya mawili kuwa mlango wa kuingilia habari yetu kwa sababu wanafunzi wa shule za sekondari huombwa mara nyingi waandike visawe vya neno la Kiingereza "hunger". Hufungua kamusi, wakakuta jamaa kubwa: "famine", "starvation", "dearth", "scarcity", "want". Huyaandika yote katika mstari mmoja, kama bakuli za duka zilizo za kipimo kimoja, na kuchagua lo lote lililo na sauti ya fahari. Walakini maneno hayo si ya kipimo kimoja. Kila moja lina nasaba yake na historia yake, na katika historia hiyo watu wamekula au wamekosa kula kwa kuwa wakubwa fulani walichagua neno hili wakaliacha lile.

Tuanze na Waingereza wenyewe. "Hunger" ni neno lao la asili, walilokuja nalo babu zao kutoka bara la Ulaya, na Wajerumani wanalo mpaka leo kwa umbo lile lile. Ni neno la mwili. Mtu husikia "hunger" kama asikiavyo baridi. "Famine" ni mgeni. Lilitoka Kilatini, likapita kwa Wafaransa, likaingia Uingereza katika karne ya kumi na nne pamoja na maneno mengi ya mahakama na serikali. Kwa hiyo tangu mwanzo lilikuwa na harufu ya kitabu na baraza. Hakuna Mwingereza asemaye kuwa ana "famine" tumboni. "Starve" nalo hapo kale halikuhusu chakula hata kidogo. Maana yake ilikuwa kufa, kwa sababu yo yote ile, na ndugu yake wa Kijerumani, "sterben", bado ana maana hiyo. Baadaye lilifinywa hata likawa kufa kwa kukosa chakula, na siku hizi limefinywa tena, maana mtoto wa shule wa Kiingereza aliyechelewa chakula kwa saa moja husema yu katika "starving". Neno lililokuwa mauti limekuwa mzaha wa jikoni. Nataka msomaji alikumbuke pia "dearth", kwa kuwa tutalirudia. Hilo lilizaliwa na neno "dear", yaani ghali. Maana yake ya kwanza ilikuwa ughali. Kisha watu wakaona kwamba kitu kinapokuwa ghali mno ni kama hakipo, na neno likahamia kwenye uhaba.

Na Kiswahili je? Wako wanaosema kuwa lugha yetu ni maskini hapa, kwa kuwa ina njaa tu, na njaa ikiwa kubwa huitwa baa la njaa. Si kweli. Kiswahili kimeweka tofauti zake mahali pengine. Kiingereza hubadili jina, Kiswahili hubadili kitendo. Kuona njaa si kushikwa na njaa. Anayeona aweza kungoja, aliyeshikwa hana hiari. Kushinda na njaa ni jambo la mchana, wala hakuna ushindi ndani yake. Kulala na njaa ni la usiku, na humhusu zaidi mzazi kuliko mtoto, maana ndiye asiyepata usingizi. Kufa njaa aweza kusema mtu mzima wa afya kwa kutia chumvi. Kufa kwa njaa hakusemwi kwa mchezo. Tena kando ya njaa wamesimama uhaba, ambao ni wa soko. Dhiki, ambayo ni ya nyumba. Ukata, ambao ni wa mfuko. Ukame, ambao ni wa mbingu. Na uchu, ambao ni wa ulimi tu. Waswahili wana methali isemayo, "Adui mwombee njaa." Hawakusema aombewe uhaba. Waliotunga methali hiyo walijua kuwa uhaba hupita nje ya mtu, lakini njaa humwingia na kumvunja nia.

Wakamba walikwenda mbali zaidi. Wao hawakutosheka na kuwa na neno la yũa. Waliipa kila yũa jina lake, kama watu wanavyowapa watoto majina. Na watoto pia walipewa jina la yũa. Kijana aliyezaliwa wakati wa mvua huitwa Wambua. Msichana aliyezaliwa wakati wa uhitaji mkubwa huitwa Wayua. Majina hayo mawili yamejaa katika madaftari ya shule za Makueni na Kitui, wala mwalimu ayasomapo asubuhi hafikiri kwamba anaita mvua na ukavu wa miaka iliyopita. Wazee wasiokuwa na kalenda walihesabu umri wao kwa namna hiyo. Fulani alizaliwa mbele ya yũa hii, fulani alitahiriwa nyuma ya ile. Mwanahistoria anayeitafuta miaka ya Ukambani hawezi kuyapuuza majina haya, kwa maana ndani ya kila jina watu waliweka lile jambo moja walilotaka lisisahauliwe, na aghalabu jambo hilo halikuwa mvua.

Kubwa kuliko zote zinazokumbukwa ni Ngomanisye, iliyoanguka mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, katika miaka ya 1898 na 1899 hasa. Maana ya jina ni ile iliyoenea, iliyozunguka pande zote. Ili tuone kwa nini neno kuenea lilikuwa neno la kutisha, yatupasa kujua desturi ya Wakamba katika miaka mibaya.

Nchi yao haikunyeshewa sawasawa. Vilima vya Mbooni vina maji na ardhi yake ni nzuri; nyanda za chini, kuelekea mto Athi na ng'ambo yake hata Kitui, hupata mvua ya kubahatisha. Kwa hiyo mwaka wa ukavu haukuwa na maana ya kufa. Ulikuwa na maana ya kwenda. Walikuwa na neno la safari hiyo, kuthũũa, yaani kwenda kutafuta chakula kwa watu wengine kwa kubadilishana mali au kazi. Mwenye mbuzi alikwenda na mbuzi, mwenye mishale au minyororo alikwenda nayo, asiye na kitu alikwenda na mikono yake akalima shamba la mwenyeji. Katika safari hizo watu walijifunza njia, wakafanya urafiki na undugu wa kuchanjana damu na makabila mengine. Wanahistoria wengi huona kwamba biashara kubwa ya Wakamba ya karne ya kumi na tisa, iliyopeleka pembe za ndovu Mombasa na kurudi na nguo na shanga, ilikua kutokana na mizizi hiyo ya kuthũũa. Wakamba waliohamia karibu na Rabai, nyuma ya Mombasa, walikuwako huko tayari kabla mmishonari Krapf hajafika pwani mwaka 1844. Krapf mwenyewe alisafiri hadi Kitui mwaka 1849, akapokewa na Kivoi, mfanya biashara mashuhuri, na kutoka huko akauona mlima Kenya. Mara nyingi tunasimuliwa habari za mlima na theluji yake. Ingefaa tusimuliwe pia kwamba njia iliyomfikisha huko ilikuwa imekwisha kukanyagwa na nyayo za watu waliotafuta chakula na mali.

Basi yũa ya kawaida ilikuwa na mlango wa kutokea. Ngomanisye iliifunga milango. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka ilikuwa imewaua ng'ombe, nao ndio waliokuwa akiba. Nzige walikuja. Kisha mvua zilikosekana, msimu baada ya msimu. Watu walipochukua vikapu vyao kwenda nchi ya Wakikuyu, walikuta huko nako kumekauka. Ndui ikazuka, ikafuata njia zile zile za watafutaji chakula, maana mwili usiolishwa hauna ngao. Hapo ndipo baadhi ya jamaa walipowaweka binti zao na watoto wao rehani kwa wenyeji waliokuwa bado na akiba, hasa wa nchi za juu penye mvua, ili mtoto ale na wazazi wapate kapu la nafaka. Wengine walikombolewa baadaye, wengine hawakukombolewa, wakawa watu wa huko. Tusiwahukumu haraka wazazi wale. Mzazi aliyemweka mtoto rehani alikuwa amechagua aishi mbali naye kuliko afe karibu naye.

Katika miaka hiyo hiyo reli ilikuwa ikijengwa kutoka Mombasa, ambako kazi ilianza mwaka 1896. Ilifika Tsavo mwaka 1898 na Nairobi mwezi wa Mei 1899. Wafanya kazi wake wengi walitoka Bara Hindi, na mchele wao uliletwa kwa meli kutoka huko katika magunia. Watu wenye njaa waliifuata reli. Serikali changa na misheni ziligawa mchele katika baadhi ya vituo, nao vilevile ulitoka katika magunia. Ndiyo maana huko pwani Wagiriama waliiita njaa ya miaka hiyo Magunia. Nao Wakikuyu waliiita Ng'aragu ya Rũraya, yaani Njaa ya Ulaya, kwa kuwa walikuwa wameona ng'ombe wakifa, nzige wakija, ndui ikizuka na Wazungu wakiingia, vyote kwa pamoja, nao hawakukubali kuwa vilikutana kwa bahati.

Hebu msomaji ayatazame majina haya matatu. Ni ukavu mmoja, ni miaka ile ile. Mgiriama amekumbuka alichokula. Mkikuyu amekumbuka aliyemshuku. Mkamba amekumbuka kwamba hapakuwa na mahali pa kukimbilia. Mwingereza katika taarifa zake aliandika "famine", na mbele yake akaweka neno "great", yaani kuu, basi. Sisemi neno lake ni baya, lakini halimwambii msomaji lo lote ambalo hesabu ya wafu isingemwambia. Tena neno jingine lilifuata, lililodhuru zaidi. Sehemu za kusini za nchi ya Wakikuyu zilikuwa zimepoteza watu wengi kwa njaa, ndui na uhamaji. Maofisa waliopita miaka michache baadaye waliona mashamba yaliyoota magugu wakaandika kuwa nchi ni tupu, na tangu mwanzo wa miaka ya 1900 sehemu kubwa iligawiwa walowezi. Nchi iliyoachwa si nchi tupu. Tofauti ya maneno hayo mawili ilileta kesi na manung'uniko yaliyodumu zaidi ya nusu karne.

Neno moja kupingana na jingine kulionekana waziwazi tena Ukambani mwaka 1938. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeona mmomonyoko wa udongo katika wilaya ya Machakos, ambayo wakati ule iliichukua nchi yote inayoitwa Makueni leo. Ikasema kuwa ng'ombe wamezidi, na ziada lazima iuzwe, kwa nguvu ikibidi. Kiwanda cha nyama kilikuwa kimejengwa Athi River. Udongo ulikuwa ukichukuliwa na maji kweli, wala hapana haja ya kukana. Lakini kitu ambacho afisa alikiita ziada, Mkamba alikiita akiba. Ng'ombe wale waliokonda walikuwa ndio ghala lake; katika yũa wangebadilishwa kwa nafaka, mmoja mmoja. Kumwambia auze ziada ilikuwa kumwambia auze mlango wake wa kutokea, na baba zake walikuwa wamekwisha kumsimulia Ngomanisye. Mwezi wa Julai mwaka huo maelfu ya watu, wanaume kwa wanawake, wakiongozwa na Muindi Mbingu, walikwenda Nairobi kumwona Gavana, wakakaa huko kwa majuma kadhaa. Muindi alikamatwa akahamishiwa Lamu, lakini amri ya kuuza kwa nguvu ililegezwa kabla mwaka haujaisha.

Vita vikuu vya pili vilipokuja, njaa ilikuja nayo. Mvua zilipungua, na jeshi lilihitaji chakula kingi. Serikali ya Kenya iliunda tume ya kuchunguza mambo, na tume hiyo ya mwaka 1943 iliitwa Tume ya Upungufu wa Chakula. Neno la Kiingereza lilikuwa "shortage". Ni neno la mwenye duka; ndilo neno ambalo mtunza stoo huandika katika daftari lake apatapo magunia tisini badala ya mia. Wakikuyu waliopita katika upungufu huo waliuita Ng'aragu ya Mianga, Njaa ya Mihogo, kwa maana mihogo ndiyo waliyoipata. Nchini Rwanda njaa ya miaka hiyo ya vita ina jina lake, Ruzagayura, na kabla ya hapo, katika vita vikuu vya kwanza na baada yake, Wagogo wa Tanganyika walipata Mtunya, yaani kinyang'anyiro, baada ya majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza kuchukua ng'ombe wao, nafaka yao na vijana wao.

Lakini hapana mahali ambapo kuchagua neno kulileta hasara kuliko Bengal, katika Bara Hindi, mwaka huo huo wa 1943. Waingereza walikuwa wamejifunza India kwa mauti ya watu wengi, na tangu miaka ya 1880 waliweka sheria za njaa. Sheria hizo zilitofautisha uhaba na "famine", na zilisema kwamba "famine" ikiisha tangazwa, maofisa hawana hiari tena. Lazima wafungue kazi za mshahara na vituo vya chakula. Basi neno lilikuwa ufunguo wa ghala. Mwaka 1943 watu walianguka barabarani katika mji wa Calcutta, na neno halikutangazwa. Serikali ya Bengal iliona haiwezi kupata chakula ambacho sheria ingeiamuru itoe, kwa hiyo ikaona ni heri kulinyamazia neno lenyewe. Watu kama milioni mbili au tatu walikufa. Mtoto mmoja wa huko aliyeyaona hayo alikuwa Amartya Sen, ambaye alikua akawa mtaalamu wa uchumi, na mwaka 1981 akaandika kitabu cha kuonyesha kwamba watu wengi wa Bengal hawakufa kwa kuwa mpunga haukuwako nchini. Walikufa kwa kuwa bei ilipanda na mikono yao haikuwa na fedha ya kuifikia.

Turudi Ukambani, kwa kuwa huko jambo hilo hilo lilitokea kinyume chake, nao watu walilitia katika jina. Mwaka 1961 ilikuwako yũa kubwa, na ukavu ulipokwisha ukafuatwa na mafuriko yaliyokata barabara. Chakula kikaletwa kwa ndege na kuangushwa kutoka angani. Yũa hiyo ikaitwa Ndeke. Kiswahili husema ndege kwa mwenye manyoya na kwa chombo cha chuma, na mgeni hulazimika kukisia. Mkamba hakisii, mwenye manyoya kwake ni nyunyi, na ndeke ni ile tu inayonguruma. Kwa hiyo mtu akisikia Yũa ya Ndeke hafikiri habari za njiwa.

Kisha ikaja ile ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, iitwayo Nĩkw'a Ngwete. Maana yake ni nakufa nikiwa nayo mkononi. Kitu kilichokuwa mkononi ni fedha. Wakati huo Mkamba alikuwa na ndugu mjini, au mwana katika jeshi, au mshahara wa ualimu, na aliweza kuishika noti. Lakini alipofika dukani alikuta rafu tupu. Wa Bengal walikuwa na chakula mbele yao bila fedha, wa Ukambani walikuwa na fedha bila chakula. Neno la Waingereza "dearth" lingemfaa yule wa kwanza, maana lilizaliwa na ughali. Huyu wa pili hana neno katika Kiingereza, wala simwoni katika Kiswahili. Ilibidi Wakamba watunge sentensi nzima. Mwaka 1984, mvua ndefu zilipokosekana kabisa, serikali iliagiza mahindi ya manjano kutoka ng'ambo, na watu walioyala wakati huo wangali wakiikumbuka rangi yake kuliko ladha. Chakula cha msaada cha namna hiyo Wakamba hukiita mwolyo, na huko vijijini neno hilo husemwa kwa sauti mbili, sauti ya shukrani na sauti ya haya.

Ugomvi wa jina hauko Afrika na Asia tu. Katika Ireland viazi viliharibiwa na ugonjwa kuanzia mwaka 1845, na katika miaka iliyofuata watu kama milioni moja walikufa na wengine kama milioni moja wakahama. Kiingereza cha vitabu huita msiba huo "famine". Wairishi katika lugha yao huuita Njaa Kuu, na wengine Maisha Mabaya. Na wako wanaolikataa kabisa neno "famine", wakisema haliwezi kutumika mahali ambapo nafaka na mifugo viliendelea kusafirishwa nje kwa meli huku wakulima wakifa. Wanalisikia neno hilo kama kisingizio kinachoiachia mbingu lawama ya watu.

Siku hizi wataalamu wamejaribu kuliondolea neno ubishi kwa kulipa vipimo. Kipimo kinachotumika duniani kilianzia Somalia mwaka 2004, nacho kina ngazi tano. Ngazi ya tano tu ndiyo iitwayo "famine", na haitangazwi mpaka mambo matatu yathibitishwe: nyumba moja katika kila tano imekosa chakula kabisa, watoto zaidi ya asilimia 30 wamedhoofika vibaya, na watu 2 katika kila 10,000 hufa kila siku. Naliheshimu kusudi la kipimo hiki, kwa kuwa humzuia mwenye kelele na humzuia mwenye kuficha. Lakini kina udhaifu wa mizani, ambayo hungoja mzigo uwekwe kwanza. Tarehe 20 Julai 2011 Umoja wa Mataifa ulitangaza kuwa sehemu mbili za kusini mwa Somalia zimefika ngazi ya tano. Misaada ikaongezeka upesi. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kuwa watu kama robo milioni walikufa katika msiba ule, na wengi wao walikuwa wamekwisha kuzikwa kabla neno halijatamkwa.

Kenya nayo ina maneno yake. Tarehe 10 Februari 2017, na tena tarehe 8 Septemba 2021, Rais alitangaza kuwa ukame ni janga la taifa. Neno lilikuwa ukame. Ukame ni wa mbingu, nao hauna mkosaji. Sidai kwamba lilichaguliwa kwa hila, maana mvua zilikosekana kweli. Nasema tu kwamba ukame huanza mawinguni na njaa huanza sahanini, na kati ya mawingu na sahani pana mambo mengi ambayo si mvua. Pana barabara, ghala, bei ya mahindi, madeni na matuta. Yale matuta ambayo mtoto wa Mbumbuni huyapita akirudi nyumbani yalichimbwa kwa mara ya kwanza na watu wengi wa nchi ile kwa kulazimishwa na wakoloni, kisha yakaendelezwa kwa hiari na vikundi vya mwethya, ambavyo ndani yake jirani humlimia jirani. Na mvua ile ile ndogo hufanya kazi kubwa zaidi mahali yalipo.

Lakini liko andiko moja la serikali ambalo ndani yake neno lilichaguliwa kwa uangalifu mkubwa. Katiba ya Kenya, iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010, inahesabu katika kifungu cha 43 haki za kila mtu, na mojawapo ni haki ya kutokuwa na njaa na ya kupata chakula cha kutosha. Katika maandishi ya Kiingereza waliotunga kifungu hicho hawakuandika "famine". Waliandika "hunger", neno dogo, lile la tumbo la mtu mmoja. Kama wangaliandika lile kubwa, haki hiyo ingalingoja wapimaji waje na mizani yao, wahesabu nyumba na makaburi. Kwa kuandika lile dogo walilishusha jambo kutoka yũa hadi nzaa. Mtoto wa Mbumbuni arudiye shuleni alasiri, akaweka vitabu chini na kukuta chungu kitupu leo, na kesho, na kesho kutwa, amekwisha kuingia katika kifungu cha 43, ijapokuwa mvua imenyesha Mbooni yote na hapana mtu ye yote aliyetaja yũa.